Mkalimani na Herufi Iliyozidi

Ukitaka kumuudhi Mkalimani, ulikuwa unamwambia, "Watu wanasema." Atakiweka chini kikombe chake cha kahawa, afute masharubu kwa kidole kimoja, akuulize, "Watu gani khasa?" Ukimjibu kuwa ni mji mzima, atataka kujua mji mzima ni nani na nani, na kama watu wa mtaa wa Malindi wamo au hawamo. Mpaka umpatie jina la mtu mmoja, kahawa yako ishapoa na wewe mwenyewe huna tena hamu ya habari uliyokuja nayo. Wenziwe wa barazani wakimwona anatokea kwenye kona, huiacha siasa wakaingia katika nguru na changu, maana samaki hakuwa na haja ya kuwahoji.

Sitasema kwao ni wapi wala baba yake alikuwa nani. Katika miaka ile ya hamsini mtu alikuwa akiulizwa kwao kabla ya kuulizwa hali, na jibu lake ndilo lililoamua kama atasogezewa mkeka. Yeye alikuwa akijibu, "Kwetu Vuga," yaani mahakamani alikofanya kazi, watu wakacheka na suala likapita. Basi na mimi namwacha hukohuko Vuga. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu wa Kiingereza, akigeuza maneno ya huyu yamfikie yule, asizidishe wala asipunguze. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, na alipotoka mahakamani hakujua namna ya kuiacha mlangoni.

Mimi nilikuwa mpanga herufi katika matbaa ndogo ya Mkunazini, hapa Unguja, pale lilipochapwa gazeti letu. Jina lake halina haja. Lilitoka siku ya Jumatano na kila mtu akiliita la Jumatano (hapa Mkalimani angenikamata aniulize kila mtu ni nani), kama gazeti la mahasimu wetu lilivyoitwa la Jumamosi. Kwa siku nzima nilisimama mbele ya sanduku la herufi za risasi, nikiziokota moja moja na kuzipanga kwenye mstari, kichwa chini miguu juu, kushoto kwenda kulia. Mkalimani hakupata kuniita kwa jina langu. Aliniita Fundi, na mimi nilimwita Mzee, ingawa wakati ule masharubu yake yalikuwa bado meusi.

Alikuwa akiyanunua magazeti yote mawili. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu wa ajabu, kwa sababu katika mji wetu mtu aliyeonekana na la Jumamosi mkononi hakuweza kupita baadhi ya vichochoro bila ya kusikia neno, na aliyeshika la Jumatano hivyohivyo kwa vichochoro vingine. Yeye alipita vyote na yote mawili kwapani. Barazani alitoa penseli akapigia mstari kila neno ambalo lingeweza kutolewa na habari ikabaki. Kwenye gazeti letu alipigia wasaliti na wanyonyaji, kwenye lile akapigia wahuni na vibaraka. Siku moja alinionyesha kazi yake alipokwisha. "Ukiyatoa haya, Fundi," aliniambia, "unabaki na magazeti mawili yanayosema kuwa maji ya mfereji yamekatika."

Nilicheka, lakini nilichukia pia. Maneno yale ndiyo niliyokuwa nikiyapanga kwa furaha zaidi.

Mkewe, mwanamke mcheshi aliyejua kukaanga kachori kuliko mtu yeyote wa mtaa ule, alikuwa akisema kuwa ameolewa na mizani. "Muulize kama mchuzi umekolea chumvi," alituambia mbele yake, "atakuuliza kwa ulimi wa nani." Mkalimani hakukasirika. Alikaa kidogo, akasema kuwa suala hilo kwa kweli lina maana, kwa sababu mama yake mzazi alipenda chumvi nyingi. Mkewe akatutazama kama anayesema, mmeona?

Lakini mtu huyuhuyu alikuwa mwizi wa karata. Sisemi kwa kashfa, mwenyewe alikiri. Tukicheza wahedi wa sitini baada ya sala ya Alasiri, alikuwa akiiba bila haya, akificha karata chini ya paja, na akishikwa hakatai hata kidogo. "Nimeiba moja," husema, "si mbili kama unavyodai." Mhariri wa gazeti letu, rafiki yake wa miaka mingi na mwenzake wa karata, alikuwa akisema kuwa mwizi huyu ndiye mwizi pekee Unguja anayetaka wizi wake uandikwe vizuri. Walipendana sana wawili wale. Mhariri alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau, na alipoandika alikuwa akiisoma kwanza sentensi kwa sauti na kuicheka mwenyewe kabla hajanipa niipange.

Juu ya kazi ya Mkalimani nina visa viwili ambavyo mji ulivirudia mpaka vikachakaa. Cha kwanza ni cha mama mmoja wa Makunduchi aliyekuja kutoa ushahidi kuhusu minazi. Alipoanza kusema kwa lugha ya kwao, Mkalimani alimsikiliza sentensi tatu, kisha akamgeukia hakimu akaomba asitumike katika kesi ile. Alisema Kimakunduchi anakisikia lakini hakijui. Mawakili walicheka, hakimu alichukia kupotezewa asubuhi yake, na kesi ikaahirishwa mpaka akapatikana mtu wa huko. Mwengine yeyote angebahatisha, na minazi ya mama yule ingekwenda na bahati hiyo. Cha pili ni cha mtu aliyetukanwa tusi la nguoni. Hakimu alitaka kujua tusi lenyewe. Mkalimani aliomba wanawake watoke, akavaa miwani yake, akalitamka kwa Kiingereza lote kama lilivyo, kwa sauti ileile anayosomea tarehe ya kesi. Wanasema hakimu alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Ni nani hao wanaosema, sijui.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikae niandike habari zake, maana mpaka hapa nilikuwa nazunguka, na yeye angeshaniambia hivyo.

Wiki za mwisho za mwezi wa Shaaban, ndugu yangu mdogo alikuwa jela. Alikuwa na genge la mboga Darajani, akaamriwa ahame, akakataa na kumjibu askari maneno asiyopaswa kumjibu, akapewa wiki sita. Wiki ileile wakubwa wa serikali walifanya karamu kubwa, na Mhariri akaandika juu ya mambo hayo mawili pamoja, genge lililobomolewa na meza zilizojaa. Alimalizia kwa sentensi ambayo aliisoma kwa sauti mara mbili na kuicheka mara mbili: "Wakubwa na wavunje jungu leo, kesho watafunga."

Kwetu, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, watu huvunja jungu. Hupika vyakula vingi, wakenda mashamba na pwani, wakala na kucheka, kwa sababu kesho mchana hakuna kula. Kwa hiyo sentensi ya Mhariri ilikuwa mzaha wa kawaida wa Shaaban: kuleni, siku zenu za njaa zinakuja. Ilikuwa na ukali ndani yake, lakini ukali wa mtu anayetabasamu. Gazeti lilipotoka Jumatano ile, sentensi hiyo ilisomeka: "Wakubwa na wavunje jungu leo, kesho watafungwa."

Herufi moja. Katika vibaraza watu walipiga makofi. Siku ya tatu askari walikuja Mkunazini wakamchukua Mhariri kwa kosa la uchochezi, na magazeti yaliyobaki wakayatia katika magunia.

Mhariri hakusema kuwa herufi imezidi. Alipoulizwa polisi, alisema gazeti ni lake na kilichomo ni chake. Alitolewa kwa dhamana akarudi matbaani, akakaa juu ya kiti chake, na mimi nikawa nangojea anitukane. Aliniuliza tu, "Nduguyo katoka?" Nikamwambia bado. Akavuta karatasi akaanza kuandika habari nyengine.

Mbele ya mahakama wakili wa serikali alisema gazeti hili kazi yake ni kuwasha moto. Wakili wa Mhariri alisema ni gazeti la habari za dini, bei za karafuu na meli zinazoingia. Hakimu alikuwa mgeni, hajatimiza miezi mitatu kisiwani, na Kiswahili hakukijua. Alimgeukia Mkalimani akamwamuru aandike ukurasa mmoja: gazeti hili ni la namna gani, linaelekea upande gani, na limepata kushtakiwa kwa lipi na likaishaje. Alimpa siku nane.

Siku nane zile Mkalimani hakuja kwenye karata. Alikuja matbaani akakaa kwenye benchi akisoma matoleo ya nyuma, moja moja, tangu la mwanzo. Aliandika kwanza kwa Kiswahili, kisha ndipo akageuza, kwa sababu alisema mtu akidanganya kwa lugha ya mama yake husikia aibu, lakini kwa Kiingereza anaweza asisikie kitu. Alihangaika siku nzima na neno moja. Alilikataa "kibaraka," ambalo wakili wa serikali alilitaka. Alilikataa "la watu wote," ambalo Mhariri alilitaka. Mwisho alikaa na "linaegemea," akalitamka mara kadhaa kama mtu anayeonja.

Mhariri alimkuta hapo. Nilikuwa nimesimama kwenye sanduku langu na niliwasikia.

"Ile kesi ya pili andika tulishinda," Mhariri alimwambia.

"Hamkushinda. Iliondolewa kabla ya kusikilizwa."

"Iliondolewa kwa kuwa hawakuwa na hoja."

"Iliondolewa kwa kuwa shahidi wao kasafiri Mombasa. Wewe una ushahidi kuwa hawakuwa na hoja? Nipe nkauandike."

"Na hii ya mfanyabiashara wa karafuu ya nini? Miaka minne sasa. Tuliomba radhi."

"Mlishindwa, kisha mkaomba radhi. Yote mawili ntayaandika."

Mhariri alimtazama kwa muda. "Sheikh," alisema, "nnaweza kufungwa."

"Najua," alisema Mkalimani, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sijalala tangu Ijumaa kwa kujua."

Ukurasa wenyewe niliusikia ukisomwa mahakamani, na ninaukumbuka kwa moyo. Uliandikwa hivi: "Gazeti hili linaegemea chama kinachotaka serikali iliyopo iondoke. Haliegemei kwa siri, linasema hivyo katika ukurasa wake wa kwanza. Habari za bei, meli na maziko linaziandika kama magazeti mengine. Habari za chama chake linaziandika kwa kupenda na za chama kingine kwa kuchukia, na mara nyingi haliwaulizi wa upande wa pili kabla ya kuandika. Limepata kushtakiwa mara mbili. Katika kesi ya kwanza, ya kashfa, lilisema mfanyabiashara anatia maji karafuu, halikuweza kuthibitisha, likashindwa na kuomba radhi. Katika ya pili, ya uchochezi, mashtaka yaliondolewa kabla ya kusikilizwa, na mahakama haikusema kuwa lina kosa wala kuwa halina. Katika hii ya tatu, neno linalogombaniwa ni 'watafungwa.' Lililochapwa ni hilo."

Hakuna hata neno moja ndani yake ambalo lingeweza kutolewa. Nimejaribu mara nyingi.

Siku ya sita ya zile siku nane nilimfuata akitoka msikitini. Nilimwambia kuwa Mhariri aliandika "watafunga" na kwamba ile w imezidi.

"Imezidi vipi?" aliniuliza.

"Imezidi tu, Mzee. Matbaani."

"Nani anajua?"

"Mimi na Mhariri."

"Karatasi aliyoandika kwa mkono iko wapi?"

"Tumefutia mashine."

Alisimama pale kichochoroni, watu wakitupita. "Basi kaseme wewe," alisema. "Mie nkilisema nakuwa shahidi, si mkalimani. Nimwambie hakimu akwite?"

Nilimwambia nina mke na watoto wawili. Nilimwambia na ndugu yangu bado yumo ndani, na mama yetu hana mwengine. Yote hayo yalikuwa kweli. Mkalimani alinitazama usoni, zaidi ya nilivyoweza kuvumilia, kisha akasema, "Haya," akaenda zake.

Siku ya hukumu chumba kilijaa mpaka ngazini. Hakimu alimuuliza Mkalimani kama neno lile lina maana nyengine, na yeye, kwa desturi yake, kila alichojibu kwa Kiingereza alikirudia kwa Kiswahili ili mshtakiwa asikie. Alisema kuwa mtu akiona "wavunje jungu" atatazamia "watafunga," kwa sababu ya mwezi wa Ramadhani, na kwamba maneno hayo mawili yanatofautiana kwa herufi moja. Nilimwona wakili wetu anainuka kidogo kwenye kiti. Hakimu akauliza, basi mwandishi alikusudia lipi? Mkalimani alivua miwani yake akaifuta. Alikuwa anajua, nami nilijua kuwa anajua, nikatazama viatu vyangu.

"Sikuapa kuutafsiri moyo wa mwandishi," alisema. "Nimeapa kutafsiri karatasi. Karatasi inasema watafungwa."

Hakimu alimwuliza Mhariri kama ana neno. Mhariri alisema hana. Akapewa miezi tisa, na matbaa ikafungwa. Hakimu aliusoma ule ukurasa akautumia: kwa kuwa gazeti limekwisha kushindwa kesi ya kashfa, na kwa kuwa lina tabia ya kutowauliza wa upande wa pili, hana sababu ya kupunguza adhabu. Kisha akamshukuru Mkalimani mbele ya watu kwa uadilifu wake. Sijapata kuona mtu anashukuriwa akawa na uso kama ule.

La Jumamosi liliupata ukurasa ule likachapa nusu yake, kuanzia "mara nyingi haliwaulizi" mpaka "kuomba radhi," likaweka kichwa cha habari kikubwa. Wenzetu wa chama wakachapa nusu ya pili katika karatasi ya mkono, ile ya mashtaka kuondolewa na mahakama kutosema kitu, wakaigawa mitaani. Kila upande ulikuwa na nusu iliyoufurahisha, na kila upande ukamchukia kwa ile nusu nyengine. Huku aliitwa kibaraka wa serikali, kule akaitwa mtu wa Jumatano aliyejificha chini ya miwani. Mtu aliyeusoma ukurasa wote, mwanzo mpaka mwisho, sikumpata.

Miaka ile watu walikuwa wakisusiana kwa mambo madogo kuliko hayo. Walisusiana maduka, wakasusiana harusi, wakafika kususiana maziko. Mkalimani akija barazani, muuza kahawa alimpa kikombe chake, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, na wengine wakakumbuka kuwa wana shughuli. Mwanzo alikaa peke yake akayamaliza magazeti yake. Baadaye alinunua kahawa akanywa amesimama. Mwisho hakuja tena, na sisi tukapata nafasi ya kusema "watu wanasema" kadiri tulivyotaka.

Mkewe alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda. Msikitini safu ya kwanza haikujaa, na mama yule alikuwa amewapikia nusu ya watu wa mtaa ule. Wa upande wetu walidhani wa upande wa pili watakwenda, na wa upande wa pili walidhani hivyohivyo. Tulilibeba jeneza watu wachache, tukichoka na kupokezana walewale, na Mkalimani akitembea mbele bila ya kugeuka kuhesabu.

Mhariri alitoka jela akiwa na kikohozi. Hakuandika tena, mkono ulikuwa unatetemeka na hakupata wa kumchapia. Alikufa mfungo tatu, mwezi wa Hija, kabla hajatimiza mwaka tangu kutoka. Jioni moja kabla ya kufa alimwuliza mkewe kama Mkalimani amekuja kumtazama. Alikuwa amekuja mara nne, na kila mara shemeji zake Mhariri walimrudisha mlangoni.

Na mimi je? Mimi nilipata kazi. Matbaa ya la Jumamosi ilikuwa inatafuta mpanga herufi mwepesi wa mkono, nami nilikuwa mwepesi. Nilipanga "wahuni" kwa kasi ileile niliyopangia "wanyonyaji." Ndugu yangu alipotoka jela hakusema nami miezi mingi kwa ajili ya kazi hiyo.

Muongo ule ulikuwa unakaribia kwisha nilipokwenda kumwona Mkalimani. Alikuwa ameacha kazi, au kazi ilikuwa imemwacha, na amehamia Jang'ombe katika chumba cha nyuma kwa mpwa wake, mwanamke mmoja mnyamavu aliyenipokea na kuniwekea kibao cha kukalia. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Masharubu yalikuwa meupe. Nilisema shikamoo, akaitika marahaba, akainamisha kichwa.

"Fundi," alisema. "Unatembea bado kama mtu aliyeiba kitu."

Tulicheka kidogo. Nilimuuliza nani anamsomea magazeti, akasema hakuna, na kwamba kwa mambo anayoyasikia kupitia dirishani hapotezi kitu. Alisema sasa mpaka watoto wanaulizana chama kabla ya kucheza. Aliyasema hayo bila ya hasira, na bila ya kutazamia kuwa yatakuwa mengine.

Kisha akasema, "Nna neno nataka nkwambie, na ukija tena huenda sitalikumbuka. Ule ukurasa niliompa hakimu ulikuwa na sentensi moja nliyoitoa."

Nilimuuliza sentensi gani. Aliisoma kwa moyo, kwa sauti yake ya mahakamani. "Aliyepanga herufi ameniambia kuwa neno lililoandikwa na Mhariri ni 'watafunga,' na kwamba herufi iliongezeka matbaani."  "Nliiandika. Nkaitazama siku mbili. Ilikuwa ya kweli, na ilikuwa inahusu kesi, na hakimu angekwita siku ileile. Nkaitoa. Nlikwambia mie siwezi kuwa shahidi, lakini ile ilikuwa hila tu. Nliona uso wako pale kichochoroni nkasema, kijana mkono umemteleza, ana mke na watoto, wamfunge kwa mkono kuteleza? Nlikupendelea, Fundi. Maisha yangu yote sikupata kumpendelea mtu katika karatasi, nkaja nkakupendelea wewe, na Mhariri akaenda jela."

Mpwa wake alikuwa anapepeta mchele uani, tunamsikia. Ningeweza kumshukuru nikaondoka. Miaka yote ile nilikuwa nimejizoesha kusema "imezidi," neno zuri lisilo na mtu ndani yake.

"Mkono haukuteleza, Mzee," nilisema.

Aligeuza sikio upande wangu.

Nikamweleza, kwa kuwa hakuwa mtu wa matbaa na jambo hili mtu wa matbaa tu analijua. Mstari wa herufi ukishapangwa unabanwa mpaka hauna pumzi. Herufi haiwezi kuingia yenyewe. Ili niitie ile w ilibidi niufungue mstari, nitoe kibati chembamba cha nafasi baina ya maneno, niitie herufi, kisha niubane tena. Niliyafanya hayo baada ya Mhariri kuisoma prufu, ile nakala ya kusahihishia, na kuipitisha. Nilikuwa nafikiria ndugu yangu, na nilitaka wao nao wafungwe, nikataka waisome wakiwa wanakunywa chai.

"Mhariri alijua?" aliuliza.

"Alijua siku ileile. Prufu aliisoma mwenyewe."

"Na hakukuuliza."

"Aliniuliza kama ndugu yangu katoka."

 Mkalimani alipandisha mkono kwenye masharubu, akauteremsha tena. Nilingoja aniulize kwa nini, au khasa saa ngapi, au kibati cha nafasi kina unene gani. Nilikuwa tayari kuyajibu yote. Nilikuwa nayatamani.

"Kwa hivyo yeye alinyamaza kwa kujua," alisema mwisho, "na mie nkanyamaza kwa kutojua. Na ukurasa wangu ulikuwa wa uwongo tangu nilipoutia saini."

"Naam, Mzee."

Alisema Magharibi imekaribia, na njia ya kurudi mjini ni ndefu. Nikainuka, nikamuaga, nikanyoosha mkono. Watu waliokuwa wakimtembelea walikuwa wamezoea kumwona akipapasa hewani mpaka aupate mkono wa mgeni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili, na mikono yake ilibaki mapajani.